Mali bila daftari: somo la Datsun 240Z kwa mnunuzi wa gari

WANUNUZI wa kahawa wa Itaka, wilayani Mbozi, wana desturi moja isiyohitaji kufundishwa chuoni. Msimu unapokwisha na fedha ikiwa mkononi, anayetaka pikapu ya mtumba haangalii rangi kwanza. Hufungua boneti, husugua vumbi penye namba ya chesisi, kisha huomba kadi ya gari na kulinganisha tarakimu moja baada ya nyingine. Namba zikigongana, mazungumzo huishia hapo hapo, hata bei iwe ya kutupa.

Desturi hiyo ya Itaka ndiyo sheria kuu ya soko kubwa sana la magari ya zamani duniani, ambako gari moja la mashindano lenye umri wa zaidi ya miaka 50 huweza kuuzwa kwa fedha ya kujenga ghala la kahawa pamoja na mtambo wake. Katika soko hilo gari lenyewe ni nusu tu ya mali. Nusu ya pili ni historia yake iliyoandikwa: nani aliliendesha, mwaka gani, lilishika nafasi ya ngapi na baada ya hapo lilikwenda wapi.

Mfano ulio karibu zaidi na msomaji wa Afrika Mashariki ni Datsun 240Z ya kiwanda, gari la spoti la milango miwili lililoshinda Mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971 na tena mwaka 1973. Historia yake inaonyesha kwa nini kampuni ya Japani ilikubali kuvunja magari ya thamani katika matope ya huku, nani alivuna faida, na mtu mwenye mtaji mdogo ajihadhari na nini anapoambiwa kuwa gari fulani "lilikuwa la mashindano".

GARI LA KIWANDA

Gari la kiwanda si sawa na lile linalouzwa dukani, hata kama sura ni moja. Ni gari ambalo mtengenezaji mwenyewe amelijenga kwa ajili ya mashindano, akalilipia meli, mafundi, spea na madereva. Magari ya namna hiyo huwa machache, na kila moja huwa na jalada lake. Mtu binafsi akinunua gari la kawaida akalifunga vyuma vya kinga na kulipaka namba ubavuni, amepata gari la mashindano, lakini hajapata gari la kiwanda. Tofauti ya bei kati ya hayo mawili ni kubwa mno.

Datsun 240Z ilitolewa na kampuni ya Nissan mwishoni mwa mwaka 1969. Huko Japani iliitwa Fairlady Z. Iliyouzwa nje ilikuwa na injini ya silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,393. Katika soko la Marekani ilianza kwa bei ya dola 3,526, wakati Jaguar E-Type ya Uingereza ilikuwa ikidai zaidi ya dola 5,000. Wateja walipanga foleni. Hadi jamii hiyo ya kwanza ya magari ya Z ilipofikia mwisho mwaka 1978, zaidi ya magari 500,000 yalikuwa yametengenezwa.

Kwa hesabu hiyo, 240Z ya kawaida haikuwa bidhaa adimu. Kilicholifanya gari hili lizungumzwe hadi leo ni kundi dogo la magari mekundu yenye boneti nyeusi, yaliyoteremshwa kwa meli kuja kupambana na barabara za Kenya, Uganda na Tanzania.

KWA NINI SAFARI

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakiitwa Safari ya Kutawazwa, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Baadaye yalipangwa wakati wa Pasaka, mvua za masika zikiwa zimeanza. Waandaaji hawakufunga barabara. Dereva alikimbia kilomita zaidi ya 5,000 kwa siku chache, akipishana na malori, mabasi, ng'ombe na watu waendao kanisani. Kila kituo kilikuwa na saa yake ya kufika, na kila dakika ya kuchelewa iliandikwa kwenye kadi kama adhabu. Mwisho wa yote, aliyekuwa na adhabu chache ndiye aliyeshinda.

Ukali wake unaonekana katika hesabu. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 na yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na tena yakamaliza 7. Hakuna maabara ya kiwanda iliyoweza kutoa cheti cha uimara kuzidi hicho. Wanunuzi wa huku walilielewa hilo mara moja. Volkswagen iliposhinda miaka ya 1950, na Peugeot 404 iliposhinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, mkulima na mwenye teksi hawakuhitaji kusoma tangazo. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa mkazi wa Tanzania, akiwa na Chris Rothwell kama msoma ramani wake.

Kwa watu wa nyanda za juu kusini hoja hiyo ilikuwa na uzito wa pekee. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia ililazimika kupitisha mafuta na bidhaa zake Dar es Salaam. Malori yakajaa katika barabara ya vumbi na tope kutoka bandarini hadi mpakani Tunduma, njia ambayo madereva wa Kizungu waliibandika jina la Njia ya Jehanamu. Mwaka 1966 iliundwa kampuni ya Zambia Tanzania Road Services kuendesha malori katika njia hiyo. Mfanyabiashara aliyeona malori yakilala ubavu kati ya Iringa na Tunduma hakuuliza gari lina kasi kiasi gani. Aliuliza kama litafika.

Nissan ililiona soko hilo. Kampuni iliingia Safari kwa mara ya kwanza mwaka 1963 na haikupata kitu. Haikukata tamaa. Mwaka 1966 gari lake la Bluebird lilishinda katika daraja lake la ukubwa wa injini. Habari hizo zilipofika Japani zikawa kishindo, na mwaka 1969 ikatoka sinema juu ya dereva wa Safari, nyota wake akiwa Yujiro Ishihara, mwigizaji aliyependwa sana nchini humo. Mwaka 1970 ukaja ushindi kamili: Edgar Herrmann na Hans Schüller, Wajerumani waliokuwa wakiishi Kenya, walishika nafasi ya kwanza kwa Datsun 1600 SSS, na Joginder Singh wa Kenya akawa wa pili kwa gari la aina hiyo hiyo.

PASAKA YA 1971

Baada ya ushindi huo Nissan ingeweza kubaki na gari lile lile. Badala yake iliamua kuleta 240Z. Uamuzi huo ulikuwa wa hatari. Gari la spoti liko chini, nafasi ya mzigo ni ndogo, na magurudumu mawili ya spea hula karibu buti zima. Kwa barabara yenye makorongo, sedani ilionekana chaguo la salama.

Kiwanda kilijibu kwa kazi ya mikono. Bodi iliongezewa nguvu sehemu zinazopasuka, springi na shokamzoba zikabadilishwa, sehemu ya chini ikakingwa kwa bamba la chuma, na injini ikapandishwa kutoka nguvu ya gari la dukani hadi kupita nguvu za farasi 200. Magari hayo tayari yalikuwa yamejaribiwa Ulaya. Rauno Aaltonen wa Finland alimaliza wa 5 katika mashindano ya Monte Carlo ya Januari 1971 akiwa na Paul Easter.

Pasaka ya 1971 Herrmann na Schüller waliondoka na namba 11 ubavuni. Wapinzani wao hawakuwa wadogo. Porsche walileta magari ya 911, na Peugeot walikuwa na 504 mpya. Mwisho wa safari, 240Z ya Herrmann ilikuwa ya kwanza. Ya pili ilikuwa 240Z nyingine, ya Shekhar Mehta na Mike Doughty. Shankland akawa wa tatu kwa Peugeot 504, akiwa na Chris Bates. Aaltonen aliingiza 240Z ya tatu nafasi ya 7, na Datsun wakachukua pia tuzo ya timu.

Kwa lugha ya biashara, ushindi wa timu ulikuwa na maana kuliko kikombe cha dereva. Gari moja likishinda, mteja anaweza kusema ni bahati au ni ufundi wa aliyeshika usukani. Yakifika matatu, hoja hiyo haina pa kusimama.

KUSHINDWA KWA 1972

Mwaka uliofuata unastahili kutajwa, kwa kuwa wauzaji wa magari ya zamani hupenda kuuruka. Safari ya 1972, iliyoanzia Dar es Salaam, ilikwenda kwa Ford. Hannu Mikkola wa Finland na Gunnar Palm wa Sweden walishinda kwa Escort RS1600, na Mikkola akawa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda Safari. Sobiesław Zasada wa Poland alikuwa wa pili kwa Porsche 911. 240Z ya kwanza, ya Herrmann, ilikuwa ya 5.

Gari lilikuwa lile lile na timu ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni ushindani. Ford walikuja na maandalizi makubwa, na Datsun wakalipa gharama ya kudhani kwamba cheti cha mwaka jana kinatosha. Mwenye duka la pembejeo anaijua hali hiyo: mteja aliyeshika mfuko wa mbolea msimu uliopita si lazima aushike msimu huu.

Hata hivyo kushindwa huko hakukupunguza thamani ya historia ya gari. Leo, gari la kiwanda lililoshika nafasi ya 5 lenye karatasi kamili lina soko kuliko gari linalodaiwa kuwa la kwanza lisilo na karatasi hata moja.

DAKIKA ZILIZOLINGANA

Mwaka 1973 Shirikisho la kimataifa lilianzisha ubingwa wa dunia wa mashindano hayo kwa watengenezaji, na Safari ikawa mashindano ya nne katika orodha ya kwanza. Kilichokuwa sifa ya Afrika Mashariki sasa kilihesabiwa katika vitabu vya dunia.

Shekhar Mehta aliingia na 240Z yenye namba 1, akiwa na Lofty Drews wa Kenya kama msoma ramani. Mehta alizaliwa Uganda katika familia ya wafanyabiashara wa asili ya Kihindi. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka, na waliokuwa na viwanda, mashamba na maduka walitoka na mizigo ya mkononi. Miezi michache baadaye Mehta alikuwa kwenye mstari wa kuondokea Nairobi. Katika gari hilo hakuwa na haki ya kumiliki hata nati moja, kwani lilikuwa mali ya kiwanda. Alichokuwa nacho ni jina lake na kadi ya muda.

Baada ya maelfu ya kilomita, hesabu ilitoka kwa namna ambayo haikutarajiwa. Mehta na Harry Källström wa Sweden, aliyekuwa na Claes Billstam katika Datsun sedani, walikuwa na adhabu sawasawa: 406 kila mmoja. Wa tatu alikuwa Ove Andersson kwa Peugeot 504.

Waamuzi hawakurusha shilingi hewani. Walirudi kwenye kadi. Kanuni ilisema kwamba wakilingana, mshindi ni yule aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kuandikiwa adhabu. Huyo alikuwa Mehta. Ushindi ukawa wake na wa 240Z, na ukawa ushindi wa kwanza wa gari la Japani katika ubingwa wa dunia wa mashindano hayo.

Kwa mfanyabiashara, hapo ndipo penye kiini cha habari yote. Magari mawili ya kampuni moja, matope yale yale, adhabu zile zile. Kilichotenganisha jina la kwanza na la pili katika vitabu ni kipande cha karatasi kilichojazwa kwa kalamu na karani wa kituo, pengine usiku, pengine mvua ikinyesha. Kama karani mmoja angezembea, bingwa angekuwa mwingine.

NANI ALIVUNA

Nissan haikuja kutafuta zawadi ya fedha. Gharama ya meli, mafundi na magari ya huduma haiwezi kurudishwa na kikombe. Ilikuja kununua sifa, na sifa hiyo ikauzwa kwa rejareja katika kila kona. Aliyenunua Datsun pikapu au sedani ndogo miaka ya 1970 hakununua 240Z, na wengi hawakuwahi hata kuiona. Walinunua uhakika uliotangazwa na 240Z. Datsun ilirudia kushinda Safari mwaka 1979, 1980, 1981 na 1982, mara zote nne Mehta akiwa kwenye usukani. Pamoja na ule wa 1973, alifikisha ushindi 5, zaidi ya dereva mwingine yeyote katika historia ya Safari. Alifariki mwaka 2006.

Tanzania ilichelewa kulila tunda hilo. Miaka ya 1970 uagizaji wa magari ulikuwa mikononi mwa mashirika ya umma, fedha za kigeni zilikuwa za kupanga foleni, na njia ya Safari yenyewe ikabaki ndani ya Kenya kuanzia katikati ya muongo huo. Mlango ulifunguka kidogo mwaka 1984, Serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Miaka ya 1990 magari ya mtumba kutoka Japani yakamiminika. Wakulima na wanunuzi wa kahawa wa Mbozi waliochagua magari hayo walikuwa wakitumia, bila kujua, hukumu iliyoandikwa katika matope ya Safari miaka 20 nyuma.

MAGARI MAWILI ZAMA

Magari yote mawili yaliyoshinda yalirudishwa Japani. Yamo katika ghala la kumbukumbu la Nissan lililoko Zama, mkoa wa Kanagawa, pamoja na magari mengine zaidi ya 300. Hayauzwi. Lakini namna yalivyotunzwa inafundisha zaidi ya bei.

La 1971 lilifanyiwa matengenezo makubwa mwaka 2013 na klabu ya wafanyakazi wa Nissan wanaofufua magari ya zamani ya kampuni, hadi likaweza kutembea tena mbele ya watu. La 1973 limeachwa na makovu yake. Mabati yaliyobonyea Pasaka ile yangali yamebonyea.

Mwenye gereji wa Tunduma angeona la pili ni gari linalosubiri kunyooshwa na kupigwa rangi. Soko la magari ya kale linaona kinyume. Kila kovu ni ushahidi usioweza kughushiwa kwa urahisi, kwa sababu picha za siku ile zipo na mtu anaweza kulinganisha. Ukilinyoosha umefuta shahidi. Ndiyo maana mnunuzi mkubwa huuliza picha za zamani kabla ya kuuliza kama injini inawaka.

Si kila gari la kiwanda lilirudi kwao. Mfano maarufu ni Volvo PV544. Mwaka 1964 Volvo walileta magari ya kiwanda na hayakufanikiwa. Moja likabaki Kenya likiwa limechoka. Joginder Singh, fundi na dereva aliyekuja kuitwa Simba wa Kenya, alilichukua, akalitengeneza, na mwaka 1965 yeye na mdogo wake Jaswant wakashinda nalo Safari. Gari lililoachwa kama chakavu likageuka fahari ya kampuni, na baadaye likawekwa katika makumbusho ya Volvo mjini Göteborg. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976, safari hizo akiwa na Mitsubishi Lancer.

Habari ya Volvo ni ya kweli, na ndiyo hasa inayowapa chakula matapeli. Kwa kuwa gari moja liliokotwa likawa dhahabu, kila gari kuukuu lenye tundu la namba mlangoni sasa lina hadithi.

BEI NA UDANGANYIFU

Mwezi Januari 2020, katika mnada wa intaneti wa Bring a Trailer wa Marekani, Datsun 240Z ya mwaka 1971 iliuzwa dola 310,000. Halikuwa gari la mashindano. Lilikuwa la kawaida, lililotembea kidogo na kutunzwa karibu na hali liliyotoka nayo kiwandani. Bei hiyo si bei ya soko zima, kwani 240Z nyingi huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya fedha hiyo. Lakini inaonyesha kile ambacho mwenye fedha yuko tayari kulipia: hali ya asili iliyothibitishwa.

Hapo hapo ndipo hila inapoanzia. 240Z za kawaida zilitengenezwa kwa wingi. Rangi nyekundu, boneti nyeusi na taa kubwa za mbele vinaweza kufungwa na gereji yoyote kwa wiki chache. Matokeo yake ni gari zuri la kufanana, na hakuna kosa iwapo muuzaji atasema wazi kuwa ni la kufanana. Tangu mwaka 2003, yalipoanzishwa mashindano ya Safari kwa magari ya zamani, magari ya namna hiyo yana kazi halali, na mshindi wa kwanza, Rob Collinge wa Kenya, alitumia Datsun ya jamii ya Z. Kosa ni kuliuza la kufanana kwa bei ya la kweli.

Kuna hila ya kati pia. Mtu hupata kipande kimoja cha gari la kiwanda, tuseme mlango au giaboksi, akakifunga kwenye bodi nyingine kisha akadai gari zima ni la kiwanda. Wakati mwingine magari mawili hujikuta yakidai historia moja, kila moja likiwa na kipande. Katika mvutano huo anayeshinda ni mwenye namba ya chesisi, mkataba wa mauzo wa kwanza, na picha zinazoonyesha mfululizo wa wamiliki bila pengo.

Mwenye mtaji mdogo afanye hesabu yake kwa utulivu. Gari la kale halizai kila mwezi kama mashine ya kukoboa. Linahitaji banda, spea za kuagiza na fundi mvumilivu. Kuliingiza nchini nako kuna gharama, kwani gari lenye umri mkubwa hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu. Likikosa karatasi, mnunuzi atakuwa amelipa bei ya historia akapewa vyuma.

KURUDI ITAKA

Si wengi katika mkoa wa Songwe watakaonunua 240Z. Lakini kila msimu wapo wanaonunua pikapu, trekta, lori la tani 7 au pikipiki, na kanuni haibadiliki kwa udogo wa bei. Mji wa mpakani huvutia mali zenye hadithi nyingi. Lipo gari linalosemekana ni la mfadhili aliyerudi kwao. Lipo la ndugu aliyeko Zambia. Lipo ambalo kadi yake "iko Dar, inafuata kwa basi".

Mnunuzi mwangalifu hufanya mambo manne kabla ya kutoa fedha. Kwanza, hulinganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizo kwenye kadi, na kuithibitisha kadi yenyewe kwa TRA. Pili, humtaka muuzaji aonyeshe mfululizo: alilipata kwa nani, lini, kwa hati gani. Tatu, hutafuta daftari la matengenezo, hata kama ni la shule lenye alama za grisi, kwa sababu fundi aliyeandika tarehe ya kubadilisha klachi ameongeza thamani ya gari. Nne, huandikiana mkataba mbele ya mashahidi, na kuhamisha umiliki mapema.

Muuzaji naye ana lake la kujifunza. Mkulima wa kahawa anajua kwamba gunia lenye alama ya shamba, daraja na matokeo ya kuonjwa hupata bei kuliko kahawa nzuri iliyochanganywa ikapotea asili. Gari ni hivyo hivyo. Anayehifadhi risiti za spea tangu siku ya kwanza anajiwekea akiba ambayo ataivuna siku ya kuuza.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka 1973 magari mawili yalifika na adhabu 406 kila moja, na kadi ikaamua lipi litakumbukwa. Mwenye pikapu ya kuuza msimu huu aanze kwa kutafuta kadi yake ilipo.